Mnyororo wa Nderitu na Mahali Pawili

Wariara nilimjua kwa viraka kabla sijamjua kwa sura. Wakati ule kazi yangu ilikuwa kutengeneza viatu, na duka sikuwa nalo. Nilitembea na kikapu changu cha sindano, nta na vipande vya tairi, kutoka Rongai hadi Njoro, kutoka Njoro hadi Molo, nikilala shamba hili, nikishinda lile, na kuondoka kabla mtu hajaanza kuniuliza habari za kipande changu, kile kitambulisho cha mfanyakazi. Mtu wa viatu kichwa chake huwa kimeinama. Anayoyaona ni miguu ya watu na pindo za nguo zao. Basi katika shamba moja la mzungu huko juu Molo, nikaona magoti ya suruali za wafanyakazi yametiwa viraka vya ajabu. Nyuzi zilikaa sawasawa kama mistari ya shamba lililolimwa na mtu asiye na haraka.

Nikauliza, "Nani anayeshona hivi?"

Wakaniambia, "Huyo ni Wariara, mke wa Nderitu wa ng'ombe."

Nikaenda kumwona, nikidhani nitakuta mwanamke wa maneno mengi, kwa sababu mafundi wengi huongea. Nikamkuta mrefu, mkimya, amekaa mlangoni na cherehani ya mkono juu ya sanduku. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu, wa kushoto uliongoza nguo, na kifuani mwake kulikuwa na wimbo wa kanisani usiotoka mdomoni. Cherehani ile aliachiwa na mama mmoja mzungu aliyeharibika macho. Wazungu walikuwa na nyingine mpya, lakini kwa watu wa kambi ya wafanyakazi ilikuwa hiyo moja tu, na kila aliyeoa, aliyezaa au aliyefiwa alipita mlangoni kwa Wariara.

Aliyepita zaidi ya wote alikuwa Chepngeno, mke wa nyapara Kimaiyo. Chepngeno alikuwa mfupi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Yeye alikamua ng'ombe wa Bwana, yule mzungu mwenye shamba, na jioni alimletea Wariara maziwa ya kibuyu, naye Wariara akamjazia kibuyu kile viazi kurudi nyumbani. Kila mmoja alikisema Kiswahili kwa njia ya kwao, na walielewana hata pale mimi nilipopotea.

"Wewe Wariara," Chepngeno angemwambia, "ukimya wako huu, siku moja utaungua ndani kama sufuria iliyosahauliwa."

"Na wewe utamwagika," Wariara angejibu, bila kuinua macho.

Mume wa Wariara, huyo Nderitu, aliendesha ng'ombe wa plau. Kumi na sita, jozi nane, na mnyororo mrefu mmoja uliopita katikati yao kutoka plau hadi jozi ya mbele. Ule mnyororo ndio uliokuwa kipimo cha shamba lile. Bwana aliwahi kuupima akaukuta ni futi mia, basi tangu hapo kila kipande cha pareto kilikatwa kwa mnyororo, kila mtaro, kila ua. Ukimuuliza Nderitu kanisa liko mbali kiasi gani, alikujibu kwa minyororo. Watu walimcheka, lakini kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mwema.

Halafu ukaja mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa vita vya msituni. Ninyi vijana mmesoma habari zake, mimi sitazirudia zote. Kwa shamba lile ilikuwa hivi: amri ilikuja kwamba Wakikuyu wote watapandishwa lori wapelekwe rizavu, eneo lililotengwa kwa ajili yao, kila mtu na mzigo mmoja wa kubeba mwenyewe. Wariara akaitazama cherehani yake. Ilikuwa chuma, nzito kama ndama. Askari aliyekuwa akikagua mizigo alishamwambia mama mwingine aache jiwe lake la kusagia, sasa hii je?

Wakafikiria kumwachia Chepngeno. Chepngeno mwenyewe alilia, akasema, "Niachieni, nitaificha chini ya kitanda." Lakini Kimaiyo alikuwa nyapara, na nyumba za manyapara zilikaguliwa pia. Ikikutwa kwake mali ya mtu aliyehamishwa, ataeleza nini? Nderitu akasema hapana, tusiwatie hawa shidani. Akaipaka cherehani mafuta ya kondoo kila kona, akaifunga kwa nguo, akaitia katika debe kubwa, akajaza nafasi iliyobaki kwa maua makavu ya pareto ili wadudu wasiingie, akaziba mdomo kwa nta. Jioni ile, watu wakiwa kwenye kukamua, akaenda peke yake akaizika.

Alama hakuweka. Jiwe au kijiti kingeonwa na wachungaji. Aliweka kipimo. Aliporudi na matope mikononi, akawaambia wanawake wawili, mkewe na Chepngeno, maneno haya, na akawafanya wayarudie:

"Simama kwenye nguzo ya pembeni ya josho la ng'ombe. Tazama mti ule wa mtarakwa ulio peke yake kilimani. Tembea kuuelekea, usipinde. Mnyororo ukifungwa kwenye mguu wa mnara wa pampu ya upepo, pale utakapokufikia, chimba."

Asubuhi lori likaondoka nao.

Kuhusu miaka ya rizavu, Wariara hakunisimulia, nami sikumwuliza. Najua tu kwamba Nderitu alishikwa na kifua akafa huko, na kwamba hadi siku za mwisho alikuwa akimwuliza mkewe, "Josho, halafu?" Naye anajibu, "Mtarakwa." "Halafu?" "Mnyororo kutoka mnara." Ndipo mgonjwa analala.

Hamsini na nane, mashamba yakawa yanatafuta tena watu wa kuchuma pareto, na Wariara akapata ruhusa ya kurudi. Alirudi mjane, na binti mmoja mdogo. Mimi nilikuwa Molo wiki hiyo. Nilimwona akishuka, nikamtambua kwa ule urefu. Na nilimwona Chepngeno akitupa ndoo ya maziwa chini, maziwa ya Bwana, akimkimbilia. Walishikana pale barabarani hadi Kimaiyo akajifanya anatazama mawingu.

Sasa shida ni hii. Kijishamba cha kulima viazi cha wafanyakazi kilikuwa kimepunguzwa, na mchumaji wa pareto hupata kidogo kuliko anachokula. Bila cherehani, Wariara angekuwa mtu wa kuinama mashambani hadi mgongo ukatae, na mtoto wake vilevile baada yake. Akiwa na cherehani, alikuwa Wariara. Ilikuwa wazi hivyo, na kila mtu kambini alilijua.

Josho lilikuwapo. Mtarakwa ulikuwapo. Mnara wa pampu ulikuwapo, mabapa yake yakilialia vilevile. Lakini ng'ombe wa plau walikuwa wameuzwa, trekta limekuja, na mnyororo umekatwakatwa vipande vya kufungia mageti. Na mbaya zaidi, mbele ya mnara Bwana alikuwa amejenga zizi jipya la kukamulia, refu, la mawe, limekaa katikati kabisa. Hata ungepata kamba ya futi mia, ungeinyooshea wapi? Na kutoka hapo kwenda kilimani palikuwa vichaka zamani. Sasa ilikuwa pareto tupu, mistari kwa mistari ya maua meupe.

Kimaiyo akakuna kichwa. "Wariara, dada yangu, nisikie. Shimo moja nitakupa. Bwana akienda Nakuru Alhamisi, shimo moja. Miche nitairudisha kwa mkono wangu. Lakini ukinichimbia shamba lote kama fuko, nitafukuzwa mimi na hawa watoto wangu."

"Moja linatosha," alisema Wariara, "kama tunajua ni wapi."

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Odero. Alitoka upande wa ziwa, kijana mwembamba, mpole, mwenye baiskeli na jozi moja ya viatu ambayo mimi niliiweka hai. Alifundisha shule ndogo ya kanisa karibu na shamba, na usiku alijisomea mwenyewe kwa ajili ya mtihani mkubwa. Alikuwa amefika kwenye hesabu za pembetatu. Alipoisikia habari ya josho na mtarakwa, macho yake yaliwaka.

"Mama, hiyo ni pembetatu!" alimwambia Wariara. "Haihitaji mnyororo wala kuvunja zizi. Josho ni kona moja, mnara ni kona ya pili, na cherehani yako ni kona ya tatu. Nikijua pembe ya pale joshoni, na umbali wa josho hadi mnara, na urefu wa mnyororo, kona ya tatu haina pa kujificha."

Chepngeno akasema, "Mwalimu, kama unaweza kuona chini ya udongo kwa pembe, basi nitafutie pia jembe langu."

Alhamisi ikafika, Bwana akaenda Nakuru. Mwalimu akaja na kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni shuleni, na utepe wa kupimia, na kitabu chembamba cha majedwali. Akapima kutoka josho hadi mnara, akipitisha utepe nje ya ukuta wa zizi ambapo upande huo palikuwa wazi. Akaweka kipimapembe juu ya nguzo ya josho, akachungulia mnara, akachungulia mtarakwa, akaandika. Akachuchumaa, akahesabu mchangani kwa kijiti, akafungua majedwali. Mimi nilikuwa nimeshika sepeto, sikuelewa kitu, lakini nilipenda kumtazama. Alikuwa kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Pembe ya kwenye cherehani," akasema, "ni digrii hamsini na nane na kitu kidogo. Sasa umbali… Twende."

Akatupeleka mbali, ndani kabisa ya pareto, zaidi ya nusu ya njia ya kwenda kwenye ua. Kimaiyo akang'oa miche kwa uangalifu kama anamvua mtoto nguo. Tukachimba. Tulichimba hadi magotini, hadi kiunoni. Udongo mweusi, mzuri, wa Molo. Tukapanua kushoto, tukapanua kulia hadi Kimaiyo akasema basi.

Hapakuwa na kitu.

Mwalimu alihesabu tena, na tena, jibu likawa lile lile. Akatazama ile nguzo ya josho kana kwamba imemdanganya. Wariara alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Hakulia. Alimgeukia Chepngeno, akasema polepole, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi:

"Nderitu aliwaambia watu wawili."

Nimesikia watu wakitukanana katika mashamba mengi, na kwa lugha nyingi. Sijasikia neno lililouma kama lile. Chepngeno aliokota ndoo yake. Akaondoka kwenda kukamua.

Kimaiyo akafukia shimo peke yake, akakataa msaada.

Baada ya hapo kibuyu cha maziwa hakikuja tena mlangoni kwa Wariara. Watu wa kambi, mnajua watu wa kambi. Mmoja akasema binti wa nyapara, huyo Jelagat, amevaa sare ya shule iliyoshonwa kwa mashine, ilitoka wapi? Ilitoka kwa fundi Mhindi mjini Nakuru, kila mtu alijua, lakini neno likishatembea halirudi kuchukua kofia. Wariara alichuma pareto. Chepngeno alikamua. Kisimani, mmoja akiwa anachota, mwingine alisubiri mbali. Jumapili walikaa benchi mbili tofauti, na wakati wa kupeana mkono wa amani, kila mmoja alikuwa na mtoto wa kumfunga kamba za viatu.

Mimi nilizunguka kama kawaida. Nilifika Rongai, nikashuka Nakuru kununua nta, nikapanda hadi Dundori ambako kulikuwa na harusi ya watu wengi wenye visigino vibovu. Nilikula vizuri kule Dundori. Lakini niliporudi Molo, mvua zikiwa zimekaribia, nikakuta mambo yako pale pale, na Chepngeno amekonda. Alinipa kiatu cha mumewe nitie kisigino, akakaa kunisubiri, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Fundi," akaniambia, "mtu akikuita mwizi, unaweza kwenda kwa mzee wa kanisa. Asipokuita, akasema tu 'watu wawili', unaenda wapi?"

Nikapiga misumari.

Siku hiyo hiyo alasiri nikapita shuleni. Mwalimu Odero alivua kiatu chake cha kulia, soli imeachama kama mdomo wa kambale, akakaa kwenye ngazi mguu mtupu. Na yeye alikuwa amekonda. Wariara, Chepngeno na sasa mwalimu, wote watatu walikuwa wamekonda kwa ajili ya shimo moja.

"Mwalimu, bado unafikiria lile jambo?"

"Fundi, nimelihesabu kila usiku. Hesabu ni sahihi. Ngoja nikuonyeshe, labda nikikueleza wewe nitaona kosa."

Hakuwa amenichagua kwa akili. Alinichagua kwa sababu nilikuwa na kiatu chake na singeweza kuondoka.

Akachukua karatasi. Akachora nukta, akasema hii josho. Akachora mstari mrefu kutoka hapo, huu ndio unaoelekea mtarakwa. Akaweka nukta nyingine pembeni, huu mnara. "Sasa," akasema, "mnyororo. Nitatumia bikari ili uone vizuri." Akaipanua bikari kwa kipimo cha ule mnyororo, akakita ncha ya chuma kwenye mnara, akaanza kuzungusha ncha ya penseli. "Mnyororo ni huu, umefungwa hapa, unazunguka. Pale utakapokata mstari ndipo penye cherehani. Unaona? Inakata hapa, mbali na josho, ndipo tulipochimba, halafu inaendelea…"

Mkono wake uliendelea. Penseli ilitoka nje ya mstari, ikazunguka ng'ambo, ikarudi. Ikaukata mstari mara ya pili. Karibu na josho.

Mwalimu akaiacha bikari. Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Mimi nilidhani penseli imevunjika.

"Mahali pawili," akasema.

"Vipi, mwalimu?"

"Mnyororo ule ule, mstari ule ule, na mahali pawili." Akaruka juu, akakimbilia ndani, akarudi na majedwali, akifungua kurasa haraka haraka. "Sini, fundi, ile namba ya pembe iliyo jedwalini, sini! Mimi niliuliza jedwali, pembe gani ina sini hii? Likanijibu, hamsini na nane. Nami nikashukuru nikafunga kitabu. Lakini mia moja ishirini na mbili kasoro kidogo ina sini hiyo hiyo! Zile mbili ukizijumlisha zinafanya mia na themanini, na pembe za namna hiyo sini zao ni sawa. Jedwali haliandiki ile kubwa, linakuachia wewe ukumbuke. Na kitabu kilinionya, kabisa kilinionya, kwamba ukipewa pande mbili na pembe isiyo katikati yao, angalia, huenda kuna pembetatu mbili. Mimi niliisoma sentensi hiyo na kuipigia mstari!"

"Kwa hiyo hukukosea?"

"Nilikuwa sahihi nusu!" Alikuwa anacheka na machozi yako karibu. "Na Nderitu, unajua, Nderitu hakuwaza kwamba kuna pawili. Yeye alianzia joshoni kila siku na ng'ombe wake. Anatoka joshoni, anatembea, mnyororo unamfikia, anasimama. Mtu akishafika, ataendelea kwenda mbele kutafuta nini? Ni sisi tuliopita juu ya kichwa chake."

Akaichukua baiskeli.

"Mwalimu, kiatu!"

"Nitarudi!"

Akaondoka na kiatu kimoja, mguu mtupu kwenye pedali, karatasi imebanwa kwa meno. Nikakusanya vitu vyangu nikamfuata kwa miguu, na kile kiatu kikapuni, na nakiri kwamba kwa umri wangu wa wakati ule nilikimbia.

Nilipofika, walikuwa tayari kwenye josho. Bwana alikuwepo shambani siku hiyo, lakini upande wa juu na trekta. Mwalimu alikuwa amesimama na utepe wake, akionyesha. Mahali pa pili palikuwa karibu sana na josho, kwenye kipande kilichojaa thabai, yale majani yanayowasha, ambacho hakuna mtu aliyelima wala ng'ombe aliyekikanyaga. Pareto haikufika pale. Hata mche mmoja usingeumia.

Lakini Kimaiyo alikuwa amekunja mikono. "Hapana. Mlichimba mara moja, mke wangu akawa mwizi. Mkichimba mara ya pili na pasiwe na kitu, atakuwa nani?"

Mwalimu akaanza kueleza habari za sini. Kimaiyo alimtazama mguu wake mtupu. Wariara alikuwa amesimama kando, kikapu cha pareto mgongoni, uso hauna kitu. Sidhani kama alithubutu kutumaini.

Ndipo Chepngeno akaja kutoka zizini, mikono bado ina maziwa. Alikuwa amesikia yote.

"Leteni jembe," akasema.

"Mama Jelagat…" alianza mumewe.

"Leteni jembe, na asichimbe mtu mwingine. Nitachimba mimi. Na yeye," bila kumtaja jina, "asimame hapa, atazame mikono yangu yote miwili."

Akaifyeka thabai kwa jembe, nyingine akaing'oa kwa mkono, mikono ikivimba, hakujali. Akachimba. Mabapa ya pampu yalilia juu yetu. Udongo pale ulikuwa mgumu, mwekundu zaidi, na alipofika magotini jasho lilikuwa limemloanisha. Nilimwona akipunguza nguvu, nikajua anaogopa, si kuchoka. Kila alipoinua jembe, alilishusha polepole kidogo kuliko mara iliyopita. Kwa sababu, fikiria: isipokuwa hapo, hakuna tena mahali pengine.

Jembe likalia. Tii. Si kama jiwe.

Chepngeno akaliacha jembe, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Bati likatokea, lenye kutu, kona ya debe. Alibaki vile vile, ameinama, mabega yakitikisika, na mimi nikadhani analia, hadi nikasikia. Alikuwa anacheka. Kile kicheko cha ng'ambo ya mto, ambacho kambi ilikuwa imekikosa miezi yote ile.

Tukaliinua debe wanne. Kimaiyo akaondoa nta kwa kisu. Maua ya pareto yalikuwa yamekuwa vumbi la rangi ya kahawia, na harufu yake bado ilikuwa kali. Mwalimu akapiga chafya. Ndani, bunda limefungwa kwa nguo ya buluu yenye nukta nyeupe. Wariara akaanza kulifungua. Cherehani ilikuwa na kutu kwenye kitako, lakini mafuta ya kondoo yalikuwa yamefanya kazi yake. Akashika mpini. Ukakataa. Akaujaribu tena, polepole, gurudumu likazunguka robo, likazunguka nusu.

"Ngoja," akasema Chepngeno. Alikuwa ameichukua ile nguo ya buluu, anaigeuza huku na huku kwenye mwanga. "Ngoja kwanza. Hiki ni kitambaa changu."

Wariara akainua macho.

"Ni changu! Kile nilichokuletea unishonee gauni la ubatizo wa Jelagat, nikadhani mmeondoka nacho. Nilikitafuta nyumba mliyoiacha nzima! Nikasema sitauliza, nisije kuwaongezea watu majonzi. Na kumbe kimefunga cherehani chini ya ardhi!" Akamkazia macho, mikono kiunoni, matope hadi viwikoni. "Wariara wa Nderitu. Kumbe mwizi ni wewe."

Halafu Wariara, yule mkimya, akacheka hadi akakaa chini kwenye thabai, akaruka juu kwa kuwashwa, na kucheka ndio kukazidi. Na katikati ya kicheko kikageuka kilio, kile ambacho hakukilia kwenye shimo la kwanza, na labda hakukilia hata rizavu. Chepngeno akamshika.

"Nisamehe," Wariara akasema. "Nilikuwa na watu wawili tu duniani wa kuwaamini, mmoja akafa, nikaona heri nimpoteze na wa pili kuliko nikubali kwamba Nderitu alikosea."

"Hakukosea, mama," Mwalimu akasema upesi. "Kipimo chake kilikuwa kamili. Kilikuwa tu na—"

"Mwalimu," Kimaiyo akasema, "vaa kiatu."

Nikakitoa kikapuni. Nilikuwa sijamaliza soli, akakivaa hivyo hivyo.

Nilikaa shamba lile hadi Jumapili. Nilimpa Wariara mafuta yangu ya sindano, Kimaiyo akasugua kutu kwa majivu na ganda la gunzi, na Ijumaa ile mpini ulizunguka mzima. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimeoza kwenye mikunjo, na Jelagat alikuwa msichana mkubwa, gauni la mtoto mchanga la nini tena? Wariara akakata sehemu zilizo nzima, akatoa vitambaa viwili vya kichwa, akavipinda kwa mshono wake ule wa mistari isiyo na haraka.

Jumapili walikaa benchi moja, mrefu na mfupi, vichwa viwili vya buluu yenye nukta. Mimi nilikuwa nyuma yao, na kwa mazoea yangu niliinamisha macho nikatazama chini. Chini ya benchi, kati ya miguu yao, kilikuwa kimesimama kibuyu cha maziwa.